Kompyuta ya mezani imekuwa bubu: irudishie sauti kabla hujapiga Windows upya

Kompyuta ya mezani ikikosa sauti, ushauri wa kwanza utakaousikia, uwe Arusha mjini au Moshi, ni mmoja: "Hiyo piga Windows upya." Usikubali haraka. Ukipiga Windows upya, draiva ya sauti iliyokuwemo (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) inafutika pamoja na vingine vyote, na kwa mashine ya mtumba iliyotoka kiwandani 2004 au 2005, Windows mpya huenda isiwe na draiva ya kuiziba nafasi hiyo. Kompyuta iliyoingia kwa fundi na tatizo la waya inatoka na matatizo mawili.

Sauti ina njia yake. Inaanzia kwenye programu, inapita Windows, inapita draiva, inafika kwenye chipu ya sauti iliyo kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), inatokea kwenye tundu la nyuma, inafuata waya mpaka kwenye spika. Imekatika mahali fulani humo. Anzia mwisho wa njia, kwenye spika, maana huko kupima ni bure na bisibisi haihitajiki.

Spika, waya na matundu

Chomoa spika kwenye kompyuta, zichomeke kwenye simu au redio yenye tundu la hedifoni. Zikilia, ni nzima. Kisha fanya kinyume: chukua hedifoni unayojua ni nzima, ichomeke kwenye tundu la kijani nyuma ya boksi (hili ambalo wengi tunaliita CPU, ingawa CPU yenyewe ni chipu moja tu humo ndani). Hedifoni ikilia na spika zisilie, hangaika na spika na waya wake, Windows iache kabisa.

Spika zilizotolewa kwenye redio ya zamani, zisizo na waya wa umeme wala wa USB, zitanong'ona tu hata ufungulie sauti mpaka mwisho. Tundu la kijani halina nguvu ya kusukuma spika kubwa. Linahitaji amplifaya mbele yake. Spika ndogo zenye waya wa USB zinachukua umeme tu huko kwenye USB, volti 5. Sauti yenyewe inapita kwenye jeki, ile pini ya duara inayoingia tundu la kijani. Kwa hiyo lazima vyote viwili vichomekwe, na USB iende nyuma ya boksi, kwa sababu tundu za USB za mbele kwenye mashine za mtumba mara nyingi zimelegea.

Wengi siku hizi wanaunganisha kompyuta na sabufa. Unahitaji waya wenye jeki ya milimita 3.5 upande mmoja na RCA mbili, nyekundu na nyeupe, upande mwingine. Itazame jeki kabla hujalipa: iwe na mistari miwili myeusi. Ya mistari mitatu ni ya kamera na ving'amuzi, ina RCA ya tatu ya njano kwa ajili ya picha, na mpangilio wake hutofautiana kutoka waya hadi waya. Utapata upande mmoja tu, au mngurumo. Ukishaunganisha, chukua rimoti ya sabufa uiweke kwenye AUX. Umeme ukikatika na kurudi, sabufa nyingi zinaamkia Bluetooth au FM, na mwenye nyumba anaanza kuilaumu kompyuta.

Kuna dalili moja inayofaa kuijua kwa moyo. Ukisikia ala za muziki vizuri lakini mwimbaji anasikika kama yuko kisimani, au hayupo kabisa, jeki haijaingia mpaka mwisho, au waya wake wa kati wa kurudishia umeme umekatika. Spika zinabaki kupokea tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na sauti ya mwimbaji, ambayo hurekodiwa sawasawa pande zote mbili, inajifuta yenyewe. Wanakwaya wanaojifunza nyimbo kwa kompyuta hukutana sana na hili. Isukume jeki mpaka isikike "tak". Isipobadilika, badilisha waya.

Rangi za matundu zilipangwa rasmi mwishoni mwa miaka ya 1990 na madabodi nyingi zinazifuata hadi leo: kijani ni sauti inayotoka, pinki ni maiki, bluu ni sauti inayoingia kutoka kwenye redio au kaseti. Yakiwa matatu yaliyosimama wima, kawaida bluu iko juu, kijani katikati, pinki chini. Yakiwa sita, nyeusi, chungwa na kijivu ni za spika za nyongeza za kusikilizia filamu, huzihitaji. Rangi zikiwa zimefutika, tafuta mchoro mdogo uliobonyezwa kwenye bati pembeni ya kila tundu. Ukikuta kijani mbili, moja pamoja na matundu ya USB na nyingine chini kwenye kadi, mashine ina kadi ya sauti ya kuchomeka, na kwa kawaida ndiyo inayotumika.

Skrini yenye spika ndani nayo ina mtego wake. Waya wa VGA, ule wa bluu wenye skrubu mbili, haubebi sauti hata chembe. Lazima pawe na waya wa jeki kwa jeki kutoka tundu la kijani la kompyuta hadi tundu la sauti la skrini. HDMI na DisplayPort ndizo zinazobeba sauti, na zina vurugu yake tutakayoifikia.

Vumbi

Arusha na Moshi kiangazi kikikolea, boksi lililowekwa sakafuni linakula vumbi la barabarani mchana kutwa. Kwenye matundu ya sauti vumbi halizibi tu. Ndani ya kila tundu kuna kijiti chembamba cha bati kinachosogea jeki ikiingia, na hicho ndicho kinachoiambia kompyuta kuwa hedifoni imechomekwa. Kijiti cha tundu la mbele kikikwama kwa uchafu, kompyuta inaamini mtu anasikiliza kwa hedifoni, inanyamazisha tundu la nyuma. Huoni kosa lolote kwenye skrini.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme. Sokota kitambaa chembamba kisichoacha nyuzi kwenye kijiti cha meno, kiloweshe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ingiza na kuzungusha mara kadhaa. Spiriti ya rangi ya zambarau ya taa inaacha mabaki, na petroli inaharibu plastiki. Usiingize sindano wala waya. Baada ya hapo chomeka na kuchomoa jeki mara 10 hadi 15. Msuguano wenyewe unasafisha. Subiri dakika kumi kabla ya kuwasha. Kama ncha ya jeki ilivunjikia ndani, ambayo hutokea sana kwenye tundu la mbele, dalili ni hiyo hiyo ya nyuma kunyamaza. Itoe, au chomoa kabisa waya wa paneli ya mbele kama tutakavyoeleza.

Ndani ya Windows

Hedifoni nzima kwenye tundu safi la kijani bado haitoi kitu? Sasa ingia kwenye skrini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika

sndvol

ubonyeze Enter (kwenye Windows XP ni sndvol32). Utaona vitelezi vya kila programu. Kuna watu wamehangaika wiki nzima na kitelezi cha kivinjari kimoja kilichoshushwa hadi sifuri huku vingine viko juu.

Fungua tena kwa Windows na R, andika

mmsys.cpl

Kwenye ukurasa wa "Playback" ndipo HDMI inapofanya vurugu yake. Ukiunganisha skrini au runinga kwa HDMI, Windows huweza kuhamishia sauti yote huko, hata kama skrini hiyo haina spika. Bofya kulia mahali patupu, weka alama kwenye "Show Disabled Devices", kisha uchague "Speakers" na kubofya "Set Default". Bofya "Test". Ukiona mistari ya kijani pembeni inapanda na kushuka lakini husikii kitu, Windows imefanya kazi yake na kosa liko mbele yake: tundu, waya au paneli ya mbele. Mistari isipopanda, kosa liko nyuma yake. Jaribio hili moja linakuokolea nusu ya kazi.

Kama alama ya spika ina msalaba mwekundu na inadai huduma ya sauti haifanyi kazi, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kwa haki za msimamizi, andika

net start AudioEndpointBuilder
net start audiosrv

Kwenye XP mstari wa pili peke yake unatosha. Huduma ikikataa kuanza, fungua services.msc, tafuta Windows Audio, uiweke "Automatic". Zikigoma zote mbili baada ya kirusi kusafishwa, hapo kweli kupiga Windows upya kunaingia akilini, na ni mahali pachache sana ambapo tunashauri hivyo.

Kwa wenye vibanda vya video: filamu ikitoa milipuko na muziki lakini maneno hayasikiki, mashine haijaharibika. Mpangilio wa spika umewekwa 5.1 wakati unazo mbili, na maneno ya waigizaji yanapelekwa kwenye spika ya katikati ambayo huna. Kwenye mmsys.cpl chagua spika, bofya "Configure", weka "Stereo". Ikiwa ni filamu moja tu isiyo na sauti na nyingine zinalia, ifungue kwa programu ya VLC kabla ya kugusa kitu kingine.

Draiva, na namna ya kuitambua chipu

Windows na R, kisha

devmgmt.msc

Fungua tawi la "Sound, video and game controllers". Hapa kuna hali tatu. Kifaa kipo na hakina alama: draiva ipo, ingawa inaweza kuwa imeharibika. Kipo chenye alama ya njano: draiva haipo au si yake. Hakipo kabisa, wala hakuna kisichojulikana chini ya "Other devices": chipu imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi inayofunguliwa kabla Windows haijaanza), au imekufa.

Kwa alama ya njano, usishushe programu zinazojitangaza kukutafutia draiva zote. Zinabeba matangazo, wakati mwingine na virusi, na bando lako ndilo linaloumia. Bofya kulia kifaa, "Properties", "Details", kisha "Hardware Ids". Utaona mstari kama

PCI\VEN_8086&DEV_24D5

au

HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0662

Mstari huo ndio kitambulisho cha chipu. VEN ni kiwanda: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 11D4 ni Analog Devices mwenye draiva za SoundMAX, 8384 ni SigmaTel, 1106 ni VIA, 1102 ni Creative. Neno la mwanzo nalo lina uzito. Ukiona HDAUDIO, mashine yako ni ya mfumo wa HD Audio ambao Intel waliutoa 2004. Ukiona PCI na DEV_24C5 au 24D5, ni AC'97, mfumo wa 1997 uliotumika mpaka karibu 2005. Piga picha kwa simu.

Kama ni HD Audio, una bahati. Windows 7 na 10 zina draiva ya jumla ya Microsoft ambayo hutoa sauti bila kushusha chochote. Kwenye "Update driver" chagua kutafuta mwenyewe ndani ya kompyuta, kisha kuchagua kwenye orodha, uchukue "High Definition Audio Device". Hutapata madoido ya Realtek, lakini sauti itatoka. Ukihitaji draiva kamili, pakiti moja ya Realtek HD inatosheleza chipu zao karibu zote za aina hii. Inaweza kuzidi MB 100, kwa hiyo ipakue wakati una bando la kutosha, na kwa flashi iliyofomatiwa FAT32 kama unaipeleka kwenye XP, maana XP ya kawaida haisomi exFAT.

XP ina kikwazo chake. Kabla ya draiva ya HD Audio, lazima pawe na draiva ya basi inayoitwa UAA, kwa jina la Microsoft KB888111. Bila hiyo utaona "PCI Device" yenye alama ya njano, na pakiti ya sauti isiyobeba UAA ndani yake itakataa hata uirudie mara kumi. Ukiona "Audio Device on High Definition Audio Bus", UAA imeshaingia na kilichobaki ni draiva ya chipu yenyewe.

Kwa mashine za Dell, andika tarakimu na herufi saba za Service Tag zilizo kwenye kibandiko, tovuti ya Dell itakupa draiva za mashine hiyo hiyo. OptiPlex 755, kwa mfano, ina chipu ya Analog Devices, na pakiti ya Realtek haitaigusa hata kidogo. Kwa HP tumia namba ya bidhaa iliyo kwenye kibandiko.

Kama ni AC'97 na umeweka Windows 10, tunasema wazi: acha. Windows 10 haina draiva ya AC'97 ndani yake, na zilizotengenezwa kwa Vista na 7 hukubali kwenye baadhi ya mashine na kugoma kwenye nyingine. Kadi ya USB tunayoieleza chini itakumalizia kazi ndani ya dakika moja.

BIOS

Kifaa kisipoonekana kabisa, washa upya na ubonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP, Delete kwa nyingi nyingine, kabla Windows haijaanza. Tafuta "Integrated Peripherals", "Onboard Devices" au "Integrated Devices". Sauti inaweza kuandikwa "HD Audio", "AC97 Audio" au "Azalia", jina ambalo Intel walitumia kazini kabla HD Audio haijatoka. Iweke "Enabled". "Auto" kwenye baadhi ya madabodi huizima chipu ikiona kadi nyingine imechomekwa. Hifadhi kabla ya kutoka, kwa F10 kwenye nyingi.

Saa ya kompyuta ikirudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, betri ya CR2032 kwenye madabodi imekwisha, na ulichoweka BIOS kitapotea nacho. Ni betri ya volti 3 ile ile ya rimoti za magari. Upande wa alama ya kujumlisha unatazama juu.

Paneli ya mbele: hapa ndipo wengi wanapokwama

Mashine za mtumba hubadilishwa maboksi mara nyingi. Madabodi inatolewa kwenye boksi moja inawekwa kwenye jingine, na waya wa sauti wa mbele unabaki unaning'inia. Kwenye HD Audio hilo halina madhara. Kwenye AC'97 linaua sauti kabisa, na hakuna draiva itakayoifufua.

Sababu ni hii. Tafuta kwenye madabodi kundi la pini tisa katika mistari miwili, limeandikwa F_AUDIO, FP_AUDIO au AAFP. Pini ya 8 haipo. Nafasi yake iko wazi ili plagi isiingie kinyume. Kwenye AC'97 sauti ya tundu la kijani la nyuma inatoka kwanza pini ya 5 na ya 9, inakwenda mbele ya boksi, inapita kwenye swichi ya tundu la hedifoni, inarudi kwa pini ya 6 na ya 10, ndipo iende nyuma. Waya wa mbele usipokuwepo, daraja limevunjika. Kiwanda huweka jampa (vikofia vidogo vinavyounganisha pini mbili) mbili za kuliziba, moja kati ya 5 na 6, nyingine kati ya 9 na 10. Mtu aliyeunganisha paneli ya mbele alizitoa, aliyeichomoa hakuzirudisha.

Zirudishe. Jampa za diski ya IDE ya zamani ya inchi 3.5 kwa kawaida zinaenea. Pini ya 1 ina alama ya pembetatu au namba iliyochapwa kwenye bodi. Kutoka hapo namba za witiri ziko mstari mmoja na za shufwa mstari wa pili, kwa hiyo 5 inatazamana na 6. Zima umeme na kuchomoa waya kabla ya kugusa, gusa bati la boksi kwanza ili umeme tuli uondoke mwilini, na kasha la pawasapulai (kile kisanduku kinachoingiza umeme kwenye kompyuta) usilifungue hata kama limechomolewa.

Usiweke jampa hizo kwenye madabodi ya HD Audio. Huko pini ya 6 na ya 10 ni za kutambua jeki, na utaidanganya kompyuta kuwa kuna kitu kimechomekwa. Jihadhari pia na plagi yenyewe: maboksi mengi yana waya wenye vichwa viwili, kimoja kimeandikwa HD AUDIO na kingine AC'97. Chomeka kinachofanana na bodi. Kama boksi ni la AC'97 peke yake na bodi ni ya HD Audio, nenda kwenye paneli ya Realtek, bofya alama ya folda ya njano, uchague kuzima utambuzi wa jeki za mbele. Baadhi ya BIOS zina "Front Panel Type" kwa kazi hiyo hiyo.

Ukiwa umeshafungua boksi, tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Juu pawe bapa. Zilizovimba au kuvuja maji ya kahawia, ugonjwa uliozikumba sana bodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zinaleta kompyuta kuganda na sauti ya kukwaruza. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea.

Kwa wanaotumia Linux

Linux ni rafiki wa mashine hizi, kwa sababu draiva za AC'97 na HD Audio zimo ndani tayari. Andika

lspci | grep -i audio
aplay -l

Ya kwanza inaonyesha chipu, ya pili inaonyesha kama draiva imeipokea. Kwa kawaida snd_intel8x0 ni ya AC'97 za Intel, snd_hda_intel ni ya HD Audio. Zote zikijibu na bado kimya, andika

alsamixer

Bonyeza F6 uchague kadi yenyewe. Nguzo iliyoandikwa MM chini imenyamazishwa. Sogea kwa mishale, bonyeza M iwe OO. Pandisha Master, PCM, Front na Headphone. Ukiona "Auto-Mute Mode", izime, hasa kama tundu la mbele ni bovu. Kwenye chipu za Analog Devices za AC'97 kuna "Headphone Jack Sense" na "Line Jack Sense". Hizo mbili mara nyingi zinatakiwa ziwe zimezimwa ndipo nyuma kulie. Ukimaliza:

speaker-test -c 2 -t wav
sudo alsactl store

Sauti itataja kushoto na kulia kwa zamu. Ikiwa inakwenda HDMI, fungua pavucontrol, ukurasa wa "Configuration", uchague "Analog Stereo Output".

Mwenye mita anaweza kupima tundu bila spika. Endesha speaker-test -t sine -f 100, weka mita kwenye volti za AC, gusa ncha ya jeki na shina lake. Ukipata sehemu ya kumi kadhaa za volti, mpaka karibu volti 1, chipu na tundu ni vizima na kosa lako liko nje.

Sauti ipo, lakini inanguruma

Mngurumo mzito usiobadilika ni umeme wa 50 Hz unaoingia kwa njia ya ethi (waya wa ardhini). Chanzo cha kawaida ni kompyuta kwenye soketi moja na sabufa kwenye nyingine ya ukuta mwingine. Weka zote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi unatoka ndani ya boksi lenyewe. Hamia tundu la nyuma, na kwenye mpangilio wa sauti nyamazisha "Line In" na maiki kama huzitumii.

Boksi linalokutekenya vidole ukiligusa halina ethi. Kichujio cha ndani ya pawasapulai kina kapasita mbili zinazoliweka bati kwenye karibu nusu ya volti 230 pale ethi inapokosekana. Mkondo ni mdogo, kwa kawaida hauui, ila unaweza kuchoma tundu la sabufa au chipu ya sauti mara unapochomeka RCA. Zima vyote viwili ukutani kabla ya kuunganisha. Plagi ya pini tatu kwenye ekstensheni ya matundu mawili, iliyofunguliwa kwa kijiti, ndiyo mkosaji wa kwanza. Usikate pini ya ethi ili kuua mngurumo. Ukishindwa, nunua kile kidude chenye transfoma mbili ndogo kinachokaa kati ya jeki na sabufa; kazi yake ni kutenganisha ethi.

Chipu ikiwa imekufa

Kadi ya sauti ya USB, kidude cha ukubwa wa flashi chenye tundu la maiki na la hedifoni, inafanya kazi kwenye XP, 7, 10 na Linux bila draiva ya pembeni. Ni ya bei ndogo kuliko nusu siku ya fundi. Ichomeke nyuma, subiri nusu dakika, kisha uichague kwenye mmsys.cpl. Zima chipu ya zamani kwenye BIOS ili Windows isirudi kwake. Ubora wa maiki wa vidude hivi ni wa wastani. Kwa kurekodi kwaya tafuta kitu bora zaidi.

Kadi ya PCI nayo inafaa, mradi uangalie sloti. PCI ya kawaida ni ndefu, karibu sentimita 8.5, mara nyingi nyeupe. PCI Express x1 ni fupi, sentimita 2.5 hivi. Kadi ya moja haiingii kwenye nyingine. Zenye chipu ya C-Media CMI8738 zinapokelewa na Linux bila maneno.

Sauti ikisharudi kwenye Windows 10, chomeka flashi, fungua cmd kwa haki za msimamizi, tengeneza folda na utoe nakala ya draiva zote ambazo hazikuja na Windows yenyewe:

mkdir E:\draiva
dism /online /export-driver /destination:E:\draiva

Badilisha E iwe herufi ya flashi yako. Siku fundi atakapopiga Windows upya kwa sababu nyingine, zirudishe kwa

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Kwenye Windows 7 amri hizi mbili hazipo kwa namna hiyo. Nakili folda ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository kwenye flashi, kisha kwenye devmgmt.msc ielekeze Windows itafute humo. Bandika karatasi yenye ile VEN na DEV ndani ya mlango wa boksi.